UZI: Aliyepakia kontena kalala kwake, mizani inanishika mimi

Tela Tatu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila zikitajwa barabara mbovu humu, lawama zinaishia kwa dereva wa lori. Tunazidisha mzigo, tunachimba mitaro kwenye lami, tunapaki ovyo pembeni ya mizani. Sawa. Leo naomba na sisi tusikilizwe, maana wengi wanaotusema hawajawahi kusimama kwenye dirisha la mizani saa nane usiku wakasomewa namba ambazo hawakuhusika nazo hata chembe.

Kwa asiyejua: gari la ekseli sita (ekseli ni ule mhimili unaobeba tairi za kulia na kushoto) ni kichwa chenye ekseli ya mbele na difu mbili, yaani ekseli za nyuma zinazosukuma gari, kinavuta tela la ekseli tatu. Sheria inakuruhusu mbele tani 8, difu zote mbili kwa pamoja tani 18, tela tani 24. Jumlisha, unapata 50. Ukiwa na ekseli saba unaweza kufika 56, na hapo ndiyo mwisho wa mambo hata ukifunga ekseli kumi. Utaratibu huu uko kwenye Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, sisi Tanzania tulianza kuitumia 2019. Kwa hiyo mizani haipimi kitu kimoja. Inapima jumla, halafu inapima kila kundi la ekseli peke yake. Unaweza kufaulu jumla ukafeli kundi.

Ndicho kilichonikuta. Nimebeba kontena la futi 40, vigae, mzigo wa transiti, yaani unapita tu nchini kwenda nchi jirani. Kituo sitakitaja, siyo lengo la uzi. Karatasi ikatoka: mbele 7.4, difu 19.3, tela 22.5. Jumla 49.2. Kwenye jumla ningeweza kuongezewa mifuko kumi na sita ya saruji na bado nikapita. Lakini difu zimezidi tani moja na kilo mia tatu. Ile nafuu ya kuzidi hadi asilimia 5 kwenye ekseli inanifikisha 18.9, kwa hiyo hata nafuu haikunisaidia.

Naambiwa nipange mzigo upya. Nikamwambia afisa, kaka, kontena hili nimelikuta limefungwa. Lina sili ya meli, lina sili ya forodha, na ile ya kielektroniki inayopiga kelele ofisini kwao nikiigusa tu. Mimi nikikata sili ni mwizi wa transiti. Nisipokata nimezidisha uzito. Natakiwa nipange upya mzigo ambao kisheria sina ruhusa hata ya kuuona!

Ikabidi bosi apigiwe, wakala wa forodha atafutwe, aje ofisa wa kusimamia, sili ikatwe mbele yake. Tulipofungua, mlangoni kulikuwa na nafasi tupu kama hatua moja ya mtu mzima. Aliyepakia huko alikotoka alianzia mbele, akapanga vigae vyake vizuri kabisa, vilipoisha akafunga mlango akaenda kula. Vibarua wakapanda juu ya katoni, vigae havijazi kontena hadi darini, wakawa wanatambaa wameinama wanatoa katoni za mbele wanazileta mlangoni. Kama tani moja hivi ilihama. Tukapima tena, tukapita.

Gharama zote za pale, vibarua, wakala, tozo, na siku ambazo gari halikutembea, mwisho wa safari nikazikuta kwenye posho yangu zimekatwa. Sasa naomba mtu anieleze, mimi nilitakiwa kufanya nini?

Mlipa Kodi

Ulitakiwa usiondoke na mzigo usioujua. Jibu fupi.

Halafu tusifichane, mkuu. Nyie mkifika pale mnatoa chochote mnapita. Siku ukikutana na afisa asiyechukua ndiyo unakuja kuanzisha uzi.

Tela Tatu

Mlipa Kodi, kwamba rushwa ipo barabarani sitabisha, abishe ambaye hajapita. Ila kwenye mizani za siku hizi uzito unaingia kwenye kompyuta kabla hujashuka kwenye gari. Nafasi ya mazungumzo imepungua sana, na mimi nashukuru, kwa sababu mazungumzo yale yalikuwa yanatoka mfukoni kwangu.

Kuhusu kutoondoka: bandarini nikisema siondoki, kuna vijana ishirini nje ya geti wanaomba hiyo ajira.

Mkandarasi wa Lami

Nimefanya kazi za barabara miaka mingi, ngoja niweke upande ambao madereva huwa hawaupendi, halafu nitakuja kwenye kisa chako maana kinapigika hesabu.

Kwanza kwa nini wanahangaika na ekseli wakati jumla iko sawa. Lami haibebi gari zima, inabeba tairi moja moja zinapopita. Wamarekani walijenga vipande vya barabara kule Illinois wakapitisha malori mfululizo kati ya 1958 na 1960 ili waone barabara inakufaje. Walichokipata kinatumika hadi leo kwenye usanifu: uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiifanya 11, umeongeza uzito asilimia 10 lakini umeongeza uharibifu asilimia 46. Ukiifanya 12, umeharibu mara mbili. Difu zako za 19.3 badala ya 18, uharibifu wake ni kama theluthi moja zaidi ya unaoruhusiwa. Lami haijui nani alipakia.

Ukitaka kuona kwa macho, nenda sehemu za kupanda mlima ambako malori yanatembea polepole jua likiwa kali. Ile mitaro miwili unayoikuta, usukani unakuvuta wenyewe, ni uzito uliokaa juu ya lami laini kwa muda mrefu.

Sasa kisa chako. Kutoka pale kichwa kinapolishika tela hadi katikati ya zile ekseli tatu za nyuma tuseme ni mita 8. Vigae tuseme ni tani 27. Kuhamisha tani 1.3 kutoka difu kwenda tela, mzigo wote unatakiwa urudi nyuma kwa 1.3 mara 8 gawanya kwa 27, ambayo ni sentimita 39. Umesema mlangoni palikuwa na nafasi ya hatua moja, tuseme sentimita 80. Mtu aliyepakia angeigawa ile nafasi, nusu mbele nusu nyuma, mzigo ungesogea sentimita 40. Difu zingesoma 18 kasoro kidogo, tela 23.8, na usingeanzisha uzi.

Kwa hiyo umelala mizani kwa ajili ya sentimita 40 zilizopotea mtu akiwa ng'ambo ya bahari. Sheria haikukosea kukusimamisha. Ila bili imeenda kwa mtu asiyehusika, hapo nakuunga mkono.

Utingo Mstaafu

Mkandarasi umenifurahisha, siku zote nilijua kwa macho, leo nimejua kwa hesabu.

Vijana hamkumbuki Oktoba 2013. Hiyo asilimia 5 mnayoiona ya kawaida ilifutwa. Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi alisema imekuwa kichaka, watu hawapakii 50 wanapakia 52.5 makusudi, nafuu imegeuka haki. Wenye malori wakagoma. Magari yakasimama upande wa Kibaha, wakati huo mizani ilikuwa pale kabla ya kuhamia Vigwaza, foleni haionekani mwisho. Haikupita wiki nyingi Waziri Mkuu Pinda akairudisha nafuu ikae wakati jambo linaangaliwa.

Mimi nilikuwa kwa wenye malori kwa tumbo, lakini kwa kichwa nilikuwa kwa Magufuli. Ilikuwa kweli. Nilipakia kwa macho yangu. Tajiri anakuambia "tupia tupia, kuna asilimia tano". Nafuu ile iliwekwa kwa sababu mizani zinatofautiana na mzigo unahama njiani, haikuwekwa ili uongeze magunia.

Na Aprili 2015 tukagoma tena, safari hiyo madereva wenyewe, mabasi na malori, kuhusu mikataba ya ajira na kulazimishwa kurudi darasani kila ukihuisha leseni. Mikataba iliahidiwa. Tela Tatu, wewe unao?

Tela Tatu

Mzee wangu, ninao. Bosi alileta karatasi nikasaini, nakala alibaki nayo yeye.

Mwenye Gari Mbili

Naona matajiri tunapigwa mawe, ngoja nijibu.

Mimi nina gari mbili tu, zote za mkopo. Mwenye mzigo ananilipa kwa tani. Siyo kwa safari, kwa tani. Nikimwambia napakia 27 anasema fulani kakubali 29. Fulani huyo akikamatwa ni bahati mbaya yake, asipokamatwa amenipora mteja. Halafu mnasema tajiri ana tamaa. Soko lenyewe limekaa hivyo.

Tozo ya kuzidisha imepangwa kwa dola na inapanda kwa ukali kadiri unavyozidi. Ikinipata moja, faida ya safari imekwisha, na benki haijui habari ya mizani. Kwa hiyo ndiyo, kuna wakati namkata dereva, hasa pale ninapojua kapakia njiani. Sote tunajua hiyo biashara. Gari linatoka Dar na uzito sahihi, likifika Makambako lina magunia ya viazi ambayo hayapo kwenye karatasi.

Lakini kwa kontena la sili, kumkata dereva ni uonevu. Hapo simtetei mwenzangu.

Tela Tatu

Bosi, nashukuru kwa kusema ukweli. Viazi siwezi kuwasemea wenzangu. Kontena la transiti gunia unaliweka wapi, juu ya kabini?

Mama Lishe Njia Kuu

Nyie mnalia foleni ya mizani, mimi ndiyo inanisomeshea watoto. Ila nawaambia kitu nilichokiona nikiwa na masufuria yangu: dereva akitoka kwenye ile foleni hali chakula, anameza. Anataka kufidia muda. Usiku huo huo anaingia milimani na macho mekundu. Kuna wateja wangu wamekwenda hawakurudi kudai chenji.

Kifaru wa Mariakani

Niaje wandugu wa Bongo. Huku kwetu story ni ile ile, majina ya vituo tu ndio tofauti. Ukitoka bandari ya Mombasa unaanza na Mariakani, unakuja Athi River, unapanda Gilgil, unamalizia Webuye ukielekea Malaba. KeNHA, wale wa barabara kuu, wameweka mizani za kupimia gari likitembea, kama uko sawa hata hushuki, unapita tu. Ukishukiwa umezidi ndio unaelekezwa ndani upimwe polepole. Hiyo imepunguza mlolongo sana, sitadanganya.

Lakini mambo ya sili ni yale yale. Turnboi wangu, yaani utingo, husema kontena ni kama bibi arusi wa zamani, unamjua ukishafika nyumbani.

Kitu kilitumaliza sisi ni 2020, wakati wa korona. Malaba tulipanga foleni ya kilomita na kilomita tukingoja majibu ya vipimo. Huko hakukuwa na mizani, lakini dereva alikuwa anaangaliwa kama yeye ndio ugonjwa. Nikisoma uzi huu naona ni kitu kimoja, likitokea lolote barabarani wanaanza na mwenye usukani.

Swali kwa wa Bongo: nyinyi mnapimwa mara ngapi mpaka mpakani?

Tela Tatu

Kifaru, inategemea unaelekea wapi. Njia ya kati, ya Rwanda na Burundi, gari la transiti walilipunguzia, kuna Vigwaza, Njuki kule Singida, na Nyakahura unapokaribia mpaka. Sisi wa Tunduma tuna Vigwaza, Mikese, Wenda pale Iringa, Makambako, Mpemba. Siyo kwamba kila mahali unakaa saa nyingi. Vigwaza wana hiyo ya kupima gari likitembea, ukiwa sawa unapita. Lakini kila kituo ni sehemu nyingine ya kuambiwa "subiri".

Na kinachoudhi ni mizani kutofautiana. Nimewahi kupita kituo kimoja niko sawa, nikafika kinachofuata, sijafungua turubai, sijapakia hata chupa ya maji, naambiwa nimezidi. Nikiuliza najibiwa kila mizani inajitegemea.

Mkandarasi wa Lami

Hapo kuna sababu kadhaa, na siyo zote ni za mizani.

Mafuta. Ukipita kituo cha kwanza tangi liko robo, ukajaza lita 800 kabla ya kituo cha pili, umeongeza kama kilo 670. Dizeli ina kilo 0.84 hivi kwa lita. Na tangi liko kwenye kichwa, kwa hiyo uzito huo unakwenda mbele na kwenye difu, siyo kwenye tela ambako una nafasi. Madereva wazoefu wanajaza baada ya mizani.

Breki. Mizani ya ekseli moja moja ukikanyaga breki tairi zikiwa juu yake, uzito unakimbilia mbele. Pita polepole, mwendo mmoja, usikanyage. Ukitakiwa kusimama, simama taratibu kisha achia breki springi zitulie.

Mwinuko. Mizani inayopima kundi zima la ekseli kwa pamoja huwa na usomaji tulivu zaidi kuliko ile inayopima ekseli moja kila mara, kwa sababu njia ya kuingilia ikiwa imetitia hata kidogo, ekseli moja inabeba ya jirani yake.

Mvua. Turubai lililolowa, mbao, pamba, mkaa, vyote vinakunywa maji.

Na mizani yenyewe inaweza kuwa mbovu. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanazihakiki. Ukiwa na shaka una haki ya kuuliza ilihakikiwa lini. Uliza kwa adabu.

Mbeba Mbao

Nina swali la pembeni. Mimi na rafiki yangu tuna gari zinazofanana, ekseli sita zote. Yeye tela lake wanampa uzito mdogo kuliko mimi. Ubaguzi?

Mkandarasi wa Lami

Mwangalie tairi. Kama tela lake limefungwa zile tairi pana moja kila upande badala ya pacha, kikomo kinashuka. Uzito ule ule unakanyaga eneo dogo zaidi la lami. Anaokoa hela ya tairi, anaipoteza kwenye tani.

Mbongo Ohio

Wakuu, nawasalimu kutoka Marekani. Naendesha lori huku, tupo Waswahili wengi, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi. Nimecheka na kusikitika kwa pamoja.

Huko mnaona mnabanwa? Jumla yetu ni pauni 80,000, ambayo ni kama tani 36. Yaani kontena lako Tela Tatu huku lisingetoka getini bila kibali maalumu. Difu mbili tunapewa pauni 34,000, tani 15 na kitu.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza, tela nyingi huku ekseli za nyuma zinasogea. Kuna reli chini na matundu, unatoa pini, unasogeza gari, ekseli zinahamia nyuma au mbele, uzito unajigawa upya. Hakuna haja ya kufungua mlango, sili inabaki salama. Zile sentimita 40 za Mkandarasi mimi nazitafuta kwa kusogeza ekseli badala ya mzigo. Dakika kumi, jasho kidogo, matusi kidogo.

Ya pili, vituo vingi vya mafuta vya malori vina mizani ya kulipia. Ukitoka kupakia unapita pale kwanza, unajipima mwenyewe, unapata karatasi yenye ekseli zote. Kuna kampuni kubwa ya mizani hizo inatoa dhamana: karatasi yao ikisema uko sawa halafu mizani ya serikali ikakutoza kwa sababu wao walikosea, faini wanalipa wao. Ukikuta umezidi, unarudi kwa aliyepakia ukiwa bado jirani.

Msidhani ni peponi lakini. Tuna kifaa cha kielektroniki cha saa tangu Desemba 2017. Unaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, na hilo dirisha halisimami. Ukikaa saa nne ghalani unasubiri kupakiwa, zimekwenda. Ukikwama kwenye foleni ya mizani, zimekwenda. Anayekuchelewesha halipi, saa ni zako. Na tangu Juni 2025, polisi au mkaguzi akiona Kiingereza chako hakitoshi kumjibu na kusoma alama, anakusimamisha hapo hapo huendeshi tena. Kuna kaka zangu waliozoea barabara kuliko mimi, leo wanaogopa kituo cha mizani kwa sababu ya mdomo, siyo uzito.

Mwenye Gari Mbili

Mbongo, hiyo mizani ya kujipima kabla ndiyo naitaka. Hapa Dar mtu akiweka mizani ya ekseli karibu na barabara ya kutoka bandarini, akatoza pesa ya kawaida, mimi nitakuwa mteja wa kwanza. Kwa mzigo wa kumwaga, ngano au mbolea, unapimwa unapotoka lakini ile ni jumla. Mgawanyo unakuja kuujua kwenye mizani ya Vigwaza, Pwani huko.

Mlipa Kodi

Narudi, safari hii bila ukali. Nimesoma yote. Kuna kitu sielewi. Tangu Julai 2016 meli haipakii kontena bila uzito wake kuthibitishwa, nimefanya kazi ya usafirishaji wa nje najua hiyo karatasi. Kwa hiyo uzito wa kontena la Tela Tatu ulikuwa unajulikana kabla halijafika Dar. Kwa nini mnasema hamjui mlichobeba?

Tela Tatu

Kaka, hapo ndipo penyewe. Karatasi hiyo inasema kontena lina uzito gani kwa jumla. Haisemi uzito umekaa wapi. Meli haijali kama vigae vimejazana mbele. Difu zangu zinajali. Jumla yangu ilikuwa sahihi, nimeiandika hapo juu, 49.2. Karatasi haikudanganya na bado nikalala mizani.

Mlipa Kodi

Sawa. Nimeelewa. Basi yule aliyepakia ndiye wa kutozwa, na kama yuko ng'ambo, aliyeagiza mzigo alipe halafu wamalizane wenyewe.

Mkandarasi wa Lami

Australia wanafanya hivyo tangu 2014. Sheria yao ya magari mazito inamfuata kila aliyeugusa mzigo: aliyeagiza, aliyepakia, aliyepanga ratiba, mwenye gari, dereva. Ratiba ikiwa haiwezekani bila kukimbiza gari, aliyeipanga anajibu. Siyo kwamba dereva anaachiwa, ila hasimami peke yake dirishani.

Utingo Mstaafu

Huku kwetu ukianza na hilo wafanyabiashara watagoma kuliko sisi wa 2013. Lakini mimi ningeanza na dogo. Kwa mizigo inayopakiwa hapa hapa nchini, kwenye maghala, viwanda vya saruji, mashamba ya mbao, aliyepakia asaini. Jina, sahihi, idadi, na mchoro mdogo wa mzigo umekaaje. Zamani tulikuwa na karani wa mizigo anafanya hivyo kwa penseli.

Mbeba Mbao

Shambani kwetu ukimwambia jamaa asaini anakuuliza wewe ni polisi?

Tela Tatu

Ndiyo mwanzo wake huo. Mimi nimekwishaanza kuchora. Karatasi moja tu: namba ya gari, namba ya kontena na sili kama lipo, uzito wa kwenye nyaraka, kiwango cha mafuta tangini wakati wa kuondoka, nani kapakia, nani kaniamuru nitoke. Chini sahihi ya bosi au karani wake. Picha ya mlangoni kama mlango uko wazi. Kontena la sili naandika "limefungwa, sikuliona ndani", anasaini. Mizani ikinishika, karatasi hiyo haitanifutia tozo, najua. Lakini siku ya kukatwa posho tutakaa mezani tukiwa na maandishi.

Mwenye Gari Mbili, wewe kama tajiri ungesaini?

Mwenye Gari Mbili

Kwa kontena ndiyo. Kwa mzigo wa kulegea nitasaini kama na wewe utasaini mstari mmoja wa ziada: "sijaongeza kitu njiani". Hivyo tukifika mizani ya pili uzito umepanda, tunajua ni mafuta, ni mvua, au ni viazi.

Tela Tatu

Nimekubali. Naongeza huo mstari.

Kifaru wa Mariakani

Wekeni hiyo fomu hapa tukiipata tutaibadilisha ya Kenya. Na mwongeze sehemu ya tairi za tela, pacha au pana.

Mwenye Gari Mbili

Nitumie inboksi kwanza, nimpe wakili wangu aipitie Jumatatu, kisha tutaiweka hapa.